Punje Iliyoachwa Hai

Saa mbili asubuhi Daktari Damari Lusito alisimama mbele ya picha ya ini la Yoramu Chidawali, akaizungusha hewani kwa ncha ya kidole, akaisimamisha, akaipima tena. Ilikuwa mara ya nne. Jibu halikubadilika: milimita nne.

Picha ilikuwa kubwa kama mto wa kulalia, na mishipa ya damu ilionekana ndani yake kwa rangi ya buluu. Upande wa kulia, jirani na mshipa mkuu, kulikuwa na kidoa cheupe chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Pale hospitalini walikiita hivyo hivyo, punje. Kilikuwa saratani, na kilikuwa hai kwa sababu Damari mwenyewe alikuwa amekiacha hai mara nne.

"Wiki tatu zilizopita kulikuwa na milimita tisa kati yake na mshipa," alisema.

Profesa Haule, mkuu wa mpango, alikuwa amekaa nyuma yake na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Nimeona."

"Tukiiacha tena itaingia kwenye mshipa. Ikiingia, sindano haitaweza kitu. Damu inayopita pale inapoza joto kama upepo unavyopoza uji. Hatutaweza kuiunguza hata tukitaka."

"Inaweza kuingia. Inaweza isiingie."

"Profesa."

"Ninajua, Damari. Lakini kuna watu kumi na mmoja chini kwenye wodi, na wamebakiza dozi mbili. Ya nne iko kwenye friji. Ya tano iko pale." Alionyesha kidoa cheupe kwa kidole chembamba. "Nipe awamu moja tu. Kisha uiunguze yote, na mimi mwenyewe nitampeleka nyumbani kwa gari langu."

Damari aliigeuza picha tena. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Alipitisha sindano nyembamba katikati ya mbavu, akaifikisha kwenye uvimbe, akaiwasha ncha yake mpaka nyuzi sabini na tano, na baada ya dakika kumi uvimbe ulikuwa umeiva na kufa. Mgonjwa alirudi kwake kesho yake na plasta moja tu ubavuni. Kisha zikaja zile mvua zisizokoma, mwaka ambao mahindi yaliota kuvu yakiwa bado shambani, na sumukuvu ya mwaka ule haikuchukua miaka ishirini kuleta saratani. Ilichukua minne. Wagonjwa waliletwa wakiwa na vivimbe thelathini, arobaini, vimetapakaa ini zima. Hakuna sindano ya kumaliza vivimbe arobaini.

Ni Haule aliyegundua kwamba uvimbe ukipashwa moto kidogo tu, nyuzi arobaini na nne kwa dakika nane, haufi mara moja. Kwa siku tano unahangaika, na katika kuhangaika unamwaga alama zake kwenye damu. Mwili unaziona na kutengeneza askari wa kupambana nazo. Kwa wengi, askari hao waliujua uvimbe wa mwenye mwili tu. Katika wagonjwa mia sita waliopimwa, askari wa mtu mmoja peke yake waliweza kuutambua uvimbe wa kila mgonjwa wa sumukuvu. Walitolewa kwenye damu yake, wakazalishwa kwa wingi, wakapewa wengine. Lakini askari wa mtu yeyote hawakuweza kuumaliza uvimbe uliowazaa wao wenyewe, na hakuna aliyejua sababu. Mtu huyo alikuwa Yoramu Chidawali, mwenye mashine ya kusaga.

"Na ile ripoti?" Damari aliuliza.

Haule aliweka kikombe chini. "Awamu ikiisha."

"Ulisema hivyo wiki tatu zilizopita."

"Nilisema, na ukakubali." Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa mtu aliyezika wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote pale, na alihudhuria mazishi yao yote aliyoweza kufika. "Nisikilize. Ukimwambia leo, akakataa, nani atashuka wodini kumwambia Mwalimu Sechelela?"

* * *

Kila mtu kijijini kwao Yoramu alijua ni nani aliyewaua jamaa zao. Katika mwaka wa mvua alikuwa amenunua mahindi mengi, akayasaga, akauza unga kwa nyumba karibu zote na kwa shule. Watu walipoanza kuvimba matumbo na macho yao kuwa ya njano, hawakuhitaji mpelelezi. Walivunja mlango wa mashine. Watoto wakakatazwa kupita mbele yake. Yoramu hakujitetea, kwa sababu naye aliamini. Alipougua mwenyewe alimwambia binti yake kwamba sasa ndiyo haki imetendeka.

Damari alimkuta ameketi kitandani, miguu yake mirefu ikigusa sakafu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Binti yake, Nyemo, fundi wa ndege ndogo za kunyunyizia mashamba, alisimama dirishani. Kwenye kiti cha wageni alikaa Mwalimu Sechelela mwenyewe, kitambaa kichwani, mikono imekonda, ngozi ya uso bado ina unjano.

"Tunakuombea, Baba Nyemo," Sechelela alikuwa akisema. "Wote kule chini. Nimetumwa nikuambie."

"Ahsante, Mwalimu."

"Mara ya kwanza kukuona humu niliomba nihamishwe wodi. Unajua hilo?"

"Niliambiwa."

"Basi." Aliinuka taratibu, akishika ukuta. Alipopita mbele ya Damari alimgusa mkono. "Shikamoo, daktari, ingawa nakuzidi umri. Leo mimi ndiye ninayekuamkia." Akatabasamu, akatoka.

Damari alikuja akiwa ameshapanga maneno. Tabasamu lile likayavuruga. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto, akaeleza kuhusu milimita nne, kuhusu mshipa, kuhusu hatari. Hapo hakuficha kitu. Nyemo alisogea kutoka dirishani.

"Kwa hiyo mkiacha leo, anaweza kufa."

"Anaweza. Siwezi kukuambia ni kwa uwezekano gani. Mimi naona hatari ni kubwa."

"Baba, umesikia."

"Nimesikia." Yoramu alinyoosha mkono apewe kibao cha kusaini. "Hata ingekuwa milimita moja. Nyemo, mwanangu, wale watu walikula kutoka mkononi mwangu. Yule mwalimu alikuwa anatuma watoto waje kuchukua unga wa shule, na mimi nilikuwa nawaongezea kilo moja ya bure. Ya bure. Nilijiona mtu mwema kabisa."

"Hukujua, baba."

"Kutojua hakujamponya mtu." Alibonyeza kidole gumba kwenye kibao. Kibao kikatoa mlio mdogo na kuonyesha neno RIDHAA kwa kijani.

Damari alilitazama neno lile. Ripoti ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, ukurasa mmoja, kutoka maabara ya nafaka. Siku hizi kila kuvu lilikuwa na nasaba yake iliyoweza kusomwa, shamba kwa shamba. Maabara ilikuwa imekwangua vumbi kutoka kwenye mashine ya Yoramu na kulilinganisha na mabaki ya sumu kwenye maini ya wagonjwa kumi na mmoja, na ini la Yoramu pia. Havikufanana. Kuvu lililowaua watu lilitoka kwenye ghala la pamoja la kata, mahali shule na nyumba nyingi zilikogawiwa mahindi ya akiba mwishoni mwa mwaka ule ule, baada ya vikaushio kuharibika na mtu fulani kuandika kwamba vinafanya kazi. Mahindi ya Yoramu yalikuwa safi.

Angeweza kusema wakati huo huo. Alifungua kinywa, akasema, "Nitakusubiri kwenye chumba cha sindano," akatoka.

Kwenye korido alisimama karibu na sinki na kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Alikuwa amefanya jambo lile lile wiki tatu nyuma. Siku mbili baada ya ripoti kufika, alimpasha Yoramu moto nyuzi arobaini na nne, akaiacha punje ikue, akijua. Milimita tano zilizopotea zilipotea baada ya yeye kujua.

* * *

Chumba cha sindano kilikuwa na baridi. Yoramu alilala juu ya kitanda kilichosoma ini lake moja kwa moja, picha ikielea juu ya kifua na kupanda na kushuka kila alipopumua. Dawa ya kutuliza ilikuwa imemlegeza, lakini hakulala. Mgonjwa alihitajika aweze kubana pumzi akiambiwa. Nyuma ya kioo alisimama Haule. Nyemo alikuwa amekubaliwa kukaa kwenye kona, amevaa gauni la kijani lililomzidi.

"Vuta pumzi, Baba Nyemo. Bana."

Sindano iliingia. Haikuwa nene kuliko waya wa baiskeli, na ilijipinda yenyewe ndani ya mwili ikikwepa mishipa, mkono wa Damari ukiielekeza tu. Kwenye picha aliona ncha ikipita, ikigeuka kidogo, ikiugusa ule weupe. "Achia."

Mashine iliuliza kwa maandishi: NYUZI 44, DAKIKA 8, au NYUZI 75, DAKIKA 10. Mpango uliosainiwa ulikuwa wa kwanza. Kidole cha Damari kilikuwa juu yake.

Akakiondoa.

"Baba Nyemo, unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

"Kuna jambo nilipaswa kukuambia kabla hujasaini."

Sauti ya Haule ilitoka kwenye kipaza sauti ukutani. "Damari."

"Sindano inaweza kukaa humo saa nzima bila madhara," alisema Damari, na hakugeuka. "Haina haraka. Baba Nyemo, maabara imesoma kuvu. Lile lililowaletea watu ugonjwa halikutoka kwako. Lilitoka kwenye ghala la pamoja la kata. Sumu iliyo kwenye ini lako wewe pia imetoka ghalani. Mahindi yako yalikuwa safi. Unga wako haukumdhuru mtu."

Picha ya ini ilipanda, ikashuka, ikapanda haraka zaidi.

"Sema tena," alisema Yoramu.

Alirudia, taratibu, maneno yale yale.

"Ni uhakika?"

"Wamepima mara tatu."

Nyemo alikuwa ameinuka. Alimkaribia baba yake, akakumbuka kwamba haruhusiwi kugusa kitanda, akasimama mikono ikining'inia. "Mmejua lini?" aliuliza. Damari alijua kwamba swali hilo lingekuja, na alitamani liulizwe na mtu mwingine yeyote.

"Wiki tatu."

Yoramu alifumba macho. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayepanga mawe, moja baada ya jingine. "Mara ya mwisho uliponichoma. Ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimejua."

"Ukanisikia nikisema yale niliyosema. Kwamba nastahili."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Machozi yalimtoka pembeni ya macho na kuingia masikioni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa. Nyemo akavunja kanuni, akayafuta kwa ukingo wa gauni. Hakuna aliyemkataza.

Haule aliingia. Alikuwa amevua miwani. "Mzee Yoramu, mimi ndiye niliyemwagiza anyamaze. Lawama ni yangu. Lakini naomba nikuambie kitu kimoja tu, kisha uamue. Wale kumi na mmoja wamebakiza dozi mbili, na moja haipo bado. Kwenye panya wa maabara, dozi tano ziliponya saba kati ya kila kumi. Kwa dozi nne hatujui. Hatujawahi kuishia nne."

"Unaniomba."

"Nakuomba. Hakuna mwingine wa kumwomba."

Damari alitazama kipimo cha dawa ya kutuliza. Kilikuwa sawa.

"Miaka minne," alisema Yoramu, "sijala mezani na watu. Mke wangu alikufa akiamini nimewaua majirani zake. Alinitunza, hakuniacha, lakini aliamini. Nilikubali kuwa punje yenu kwa sababu nilijua nadaiwa roho za watu." Akageuza kichwa kidogo kumtazama Haule. "Kama sidaiwi, basi hii ninayoitoa ni roho yangu mwenyewe. Sikuwahi kuulizwa kama nataka kuitoa. Sasa mnaniuliza. Sitaki."

"Baba," alisema Nyemo, si kwa kumpinga.

"Nataka kuishi. Naona aibu kulisema, lakini nataka. Daktari, unguza yote."

Haule akavaa miwani na kurudi nyuma ya kioo.

Mashine ilidai ridhaa mpya. Damari aliifungua mikono ya Yoramu, akamshikia kibao. Kisha akachagua nyuzi sabini na tano. Weupe ulianza kubadilika katikati, ukawa kijivu, kijivu kikapanuka mpaka kikamaliza punje na kuvuka ukingo wake. Upande wa mshipa joto lilikataa kupanda, jinsi alivyoogopa. Aliivuta sindano nyuma milimita mbili, akaielekeza upya, akaongeza dakika nne. Jasho lilimchuruzika mgongoni kwenye chumba kile cha baridi. Mwishowe rangi ilikuwa moja kote.

"Imekwisha," alisema.

Yoramu alikuwa amemgeukia binti yake.

* * *

"Utashuka mwenyewe kuwaambia," Haule alimwambia mchana, na hakusema kama adhabu. "Mimi nitaandika barua ya kile nilichofanya. Jina lako litakuwamo."

"Liwemo."

Aliwaambia mmoja mmoja, kwa sababu alifikiri kuwaambia kwa pamoja ni kujificha. Mzee mmoja alimshukuru, jambo lililomuumiza kuliko matusi. Kijana mmoja aliuliza kwa nini wasimfunge Yoramu kamba, akaanza kulia kabla hajamaliza swali. Mwalimu Sechelela alikuwa wa mwisho, kitanda cha karibu na mlango wa nyuma. Alisikiliza yote bila kukatiza, kama alivyowasikiliza wanafunzi wake wakisoma kwa sauti.

"Kwa hiyo hakuna ya tano."

"Hakuna."

"Na haikuwa unga wake."

"Haikuwa."

Sechelela alitazama mikono yake. "Daktari, ungeniuliza mimi, ningekuambia unyamaze siku tano tu. Ningekuambia hivyo, na ningelala usingizi. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani umezungumza na mtu mwema."

Damari alivuta kiti, akaketi.

"Ya nne ipo?"

"Ipo. Naweza kukupa leo."

"Ndiyo ile mliyoitoa kwake mkiwa mmeshajua."

"Ndiyo hiyo."

Mwalimu alishusha miguu kitandani, akatafuta kandambili zake. Alikataa kushikwa mkono. Walipanda lifti hadi ghorofa ya Yoramu, na mlangoni Sechelela alimwonyesha Damari kwa kiganja kwamba abaki nje. Mlango haukufungwa.

"Niliandamana na wale waliovunja mlango wako," Damari alimsikia akisema. "Sikuushika mlango. Nilishika taa."

Kisha sauti ya Yoramu, iliyochoka kwa dawa: "Nilikuona, Mwalimu."

"Sikuja kuomba radhi peke yake. Wana dozi yangu kwenye friji, imetoka kwenye mwili wako siku walipokudanganya. Siwezi kuipokea hivi hivi. Ukisema hapana, narudi kitandani kwangu, na sitakusema vibaya kwa mtu."

Damari aliegemea ukuta. Aliwaza kwamba Yoramu alikuwa na haki ya kusema hapana, na kwamba baada ya asubuhi ile hapana lilikuwa neno zuri mdomoni mwake. Alimsikia Nyemo akisogeza kiti. Alimsikia mtu akinywa maji.

"Ile walinichukulia," alisema Yoramu. "Sasa nimeulizwa. Mpeni. Wapeni wote. Ya tano sina, Mwalimu. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha wewe," alisema Sechelela.

Alikaa humo kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alitembea wima zaidi kuliko alivyoingia. Kwenye wodi Damari alitoa mfuko mdogo wa maji ya rangi ya asali, akasoma namba yake, akautundika. Alitafuta mshipa kwenye mkono uliokonda na kuupata mara ya kwanza. Muuguzi wa zamu alikuwa akiandaa mifuko mingine kumi.

"Mwalimu, nne zinaweza…"

"Usinifariji," alisema Sechelela. "Leo hapana. Fungulia tu."

Damari akafungulia. Matone yalianza kushuka, na wote wawili wakayatazama.